Anilini: haifiki dukani, lakini hupanga bei ya jokofu

MFANYABIASHARA anayeuza majokofu Kariakoo, au anayejenga chumba cha baridi cha kuhifadhia samaki jijini Mwanza, hana sababu ya kuifahamu anilini. Haiuzwi kwa rejareja, haina tangazo redioni, na harufu yake, inayofanana na ya samaki aliyeanza kuoza, haimvutii mtu. Hata hivyo, sehemu ya fedha anazolipa kila anapoagiza mzigo huishia kwenye kemikali hiyo. Bei yake ikipanda leo Ulaya au China, yeye atapata habari baadaye sana, zikiwa zimejificha ndani ya ankara ya muuzaji wake.

Kwa mtaalamu wa kemia, anilini ni kimiminika chenye mafutamafuta, kisicho na rangi kinapokuwa kipya, lakini hugeuka kuwa cha hudhurungi kikikaa kwenye hewa na mwanga. Molekuli yake ni pete ya kaboni sita iliyobeba naitrojeni pembeni, na huchemka kwenye nyuzi joto 184 za Sentigredi. Kwa mtu wa biashara, anilini ni bidhaa ya kati. Mnunuzi wake ni kiwanda, na kiwanda huinunua ili kuigeuza kuwa kitu kingine.

Zaidi ya robo tatu ya anilini yote duniani huenda kwenye kitu kimoja tu, kemikali inayojulikana kwa kifupi kama MDI. Hiyo ikichanganywa na kemikali nyingine iitwayo polioli huumuka na kuwa povu gumu la poliurethani. Ndilo povu lililojazwa ndani ya kuta za jokofu, ndani ya mabati mawili ya ukuta wa chumba cha baridi, na ndani ya makontena ya baridi yanayosafirisha minofu ya sangara wa Ziwa Victoria na mboga mbichi kwenda ng'ambo. Soli za viatu vingi nazo hutokana na MDI.

Wauzaji wa magodoro wasichanganye mambo. Sponji laini la godoro kwa kawaida hutokana na TDI, ambayo ni ndugu wa MDI lakini chimbuko lake ni tolyuini, si anilini. Bidhaa hizo mbili huweza kupanda na kushuka kwa nyakati tofauti, na anayekisia bei ya godoro kwa kutazama bei ya jokofu anaweza kupotea.

Anilini inayobaki hugawanywa kwa viwanda vya mpira, ambako hutumika kutengeneza dawa za kuharakisha uivaji wa matairi, kwa viwanda vya rangi za nguo, vya dawa za mashambani na vya dawa za binadamu. Rangi ya buluu ya suruali ya jinzi, hata ile inayofunguliwa kwenye robota la mitumba, kwa sehemu kubwa ilianza safari yake ikiwa anilini.

Bei hupangwa wapi?

Anilini hutengenezwa kwa hatua mbili. Kwanza, benzini huchanganywa na tindikali ya nitriki, huku tindikali ya salfa ikisaidia, na hapo hupatikana nitrobenzini. Kisha nitrobenzini hukutanishwa na haidrojeni mbele ya kichocheo cha madini kama vile shaba, nikeli au paladi. Benzini inayozungumzwa hapa si petroli ya magari. Ni kimiminika kinachopatikana katika viwanda vya kusafisha mafuta, na pia katika mitambo inayovunja mafuta mepesi ili kupata malighafi za plastiki.

Uzito wa molekuli zenyewe unatoa hesabu isiyobishika. Tani 1 ya anilini haiwezi kupatikana bila kilo 839 za benzini, kilo 677 za tindikali ya nitriki na kilo 65 za haidrojeni. Viwandani hutumika zaidi ya hapo, kwa kuwa hakuna mtambo usiopoteza. Tani 1 ya MDI nayo hula kilo 744 za anilini.

Tuseme kiwanda kinatumia tani 1 ya povu gumu, na nusu ya povu hilo ni MDI. Ndani ya nusu hiyo kuna kilo 372 za anilini, na nyuma ya anilini hiyo kuna kilo 312 za benzini. Maana yake ni kwamba benzini ikipanda kwa dola 100 za Marekani kwa tani, gharama ya povu hupanda kwa dola 31 kwa tani. Hiyo ni kabla yeyote njiani hajaongeza faida yake, na kabla ya kuhesabu nauli ya meli, bima, ushuru na kushuka kwa thamani ya shilingi.

Ndiyo sababu katika soko la Ulaya mikataba mingi ya anilini haitaji bei moja ya mwaka mzima. Hutaja kanuni: bei ya benzini ya mwezi husika, kujumlisha ada ya mtengenezaji. Mwenye kiwanda cha anilini hulinda ada yake, na mzigo wa kupanda kwa benzini humwachia mnunuzi.

Ugumu ni kwamba benzini yenyewe ni zao la pembeni. Mitambo ya kusafisha mafuta haijengwi kwa ajili yake; hujengwa kwa ajili ya petroli na dizeli, na ile mingine kwa ajili ya malighafi za plastiki. Kwa hiyo mahitaji ya benzini yakiongezeka, ugavi hauongezeki papo hapo kama vitabu vya uchumi vinavyofundisha. Isitoshe, anilini si mlaji mkubwa wa benzini. Anayetangulia ni stairini, inayotengeneza vikombe na sahani za plastiki nyeupe nyepesi pamoja na maboksi ya kufungashia televisheni. Dunia ikitaka vifungashio zaidi, mwenye chumba cha baridi anaweza kulipa zaidi ingawa mahitaji ya vyumba vya baridi hayajabadilika.

Mwaka 2008 ulitoa mfano mzuri. Julai mwaka huo pipa la mafuta ghafi lilivuka dola 147. Kufikia Desemba lilikuwa chini ya dola 40, na benzini iliporomoka pamoja nalo. Mwagizaji aliyejaza ghala Julai kwa kuogopa bei kuendelea kupanda alifunga mwaka na mali ghali mikononi, wakati aliyeagiza kidogo kidogo aliweza kuuza kwa bei ya chini na bado akapata faida. Majokofu yao hayakuwa na tofauti yoyote. Tofauti ilikuwa nani alitazama chanzo cha bei na nani alitazama bei ya dukani peke yake.

Jina lililotoka kwenye nili

Kosa la kutazama bei ya dukani peke yake si geni katika historia ya kemikali hii. Waliowahi kulilipia zaidi ni wakulima na mabwana shamba wa India.

Mtu wa Pwani ataitambua anilini kwa jina kabla ya kuifahamu kwa sura. Nili inayotiwa kwenye maji ya mwisho ya kufulia kanzu, ili weupe wake ung'ae, ina jina moja na mmea uliotoa rangi ya buluu kwa karne nyingi. Kaniki zilizokuwa zikishushwa Pwani kutoka India zilitiwa rangi hiyo. Waarabu waliita mmea huo an-nil, na Wareno wakachukua neno na kulifanya anil. Mwaka 1826 Mjerumani Otto Unverdorben alipata kimiminika kipya kwa kuchoma nili kwenye chombo na kukusanya mvuke wake. Mwenzake Friedlieb Runge alikipata kimiminika hicho hicho mwaka 1834 kutoka kwenye lami ya makaa ya mawe, akakipa jina jingine. Karibu na mwaka 1840 mkemia Carl Julius Fritzsche alikipata tena kutoka kwenye nili na kukiita anilini, na mwaka 1843 August Wilhelm Hofmann alithibitisha kwamba vyote vilikuwa kitu kimoja.

Kibiashara, ugunduzi huo ulikuwa na maana nzito kuliko walivyodhani. Kitu kilichomo ndani ya zao la thamani kilikuwa kimeonekana pia ndani ya lami, ambayo viwanda vya gesi vya wakati huo viliihesabu kuwa taka.

Hatua iliyofuata ilitokea kwa bahati. Mwaka 1856 kijana wa miaka 18 mjini London, William Henry Perkin, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria iliyokuwa ikitoka kwenye magome ya mti. Kwinini hakuipata. Majaribio yake ya anilini yalimpa uchafu mweusi, na ndani ya uchafu huo akaona rangi ya zambarau iliyoshika vizuri kwenye hariri. Aliomba hataza mwaka huo huo, na mwaka 1857 alifungua kiwanda Greenford, nje ya London.

Wajerumani walilitambua soko haraka. Mwaka 1865 ilianzishwa kampuni iliyotia kemikali hii ndani ya jina lake, Badische Anilin- und Soda-Fabrik. Ulimwengu wa leo unaifahamu kama BASF, na herufi A katika jina hilo ni anilini.

Hesabu iliyoangusha mashamba ya Bihar

Lengo kubwa la viwanda hivyo lilikuwa nili yenyewe. Adolf von Baeyer alifanikiwa kuitengeneza maabara mwaka 1880, lakini gharama ilikuwa kubwa mno. BASF ilitumia kiasi cha marki milioni 18 katika utafiti kabla ya kuuza nili yake ya kwanza ya kiwandani mwaka 1897. Njia hiyo ya kwanza haikuanza na anilini bali na naftalini, ile inayotengenezwa vidonge vya kufukuza nondo kabatini. Mwaka 1901 Johannes Pfleger aligundua namna ya kuifanya njia ya anilini iwe na mavuno mazuri, na tangu hapo gharama ilizidi kushuka. Njia ya anilini ndiyo iliyobaki kuwa msingi wa nili ya kiwandani.

Mwaka nili ya kiwandani ilipoingia sokoni, nili ya mimea ilikadiriwa kuwa tani 19,000. Kufikia mwaka 1914 ilikuwa imebaki kama tani 1,000.

Wenye mashamba wa Bihar, Waingereza wengi wao, walijitetea kwa ubora. Walisema rangi ya mmea ina uhai ambao kiwanda hakiwezi kuufikia. Wenye viwanda vya nguo hawakununua uhai, walinunua kilo. Nili ya mmea ilibadilika kutoka mzigo hadi mzigo kulingana na mvua na uangalifu wa mkulima, na mpaka rangi alilazimika kupima upya kila mara. Nili ya kiwandani ilikuwa ileile Januari na ileile Desemba, na mwenye kiwanda cha nguo aliweza kupanga gharama zake za mwaka. Bei ilipoanza kushuka kila msimu, hoja ya ubora haikuwa na wa kuisikiliza.

Aliyeumia zaidi hakuwa mwenye shamba. Katika wilaya ya Champaran, mpangaji mdogo alilazimishwa kulima nili kwenye sehemu tatu kati ya kila ishirini za ardhi aliyokodi. Soko lilipoanguka, wenye mashamba walimwachia mpangaji wajibu huo, lakini si bure. Wengine walimpandishia kodi, wengine wakamdai fedha taslimu kama fidia ya kuachana na zao ambalo hawakulitaka tena. Kwa njia hiyo, hasara iliyozaliwa kwenye maabara za Ujerumani ilishuka ngazi kwa ngazi hadi kumfikia mtu ambaye hakuwahi kusikia neno anilini.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilikata mizigo ya Ujerumani na nili ya mmea ikapata bei tena, lakini ahueni hiyo haikudumu. Mwaka 1917 mkulima wa huko, Raj Kumar Shukla, alimshawishi Mohandas Gandhi kufika Champaran kusikiliza malalamiko yao. Mwaka 1918 ilipitishwa sheria iliyofuta ulazima wa kulima nili.

Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Tanganyika ilizalisha tani zipatazo 230,000 za katani mwaka 1964, kabla ya kamba za plastiki zitokanazo na mafuta kuibana katika soko la dunia. Zao na kemikali vilikuwa tofauti, lakini hesabu ilikuwa ile ile: mpinzani wa shamba hakuwa shamba jingine, alikuwa mtambo ulioweza kutoa bidhaa ya aina moja mwaka mzima.

Gharama zisizo kwenye ankara

Anilini ni sumu, na biashara yake imewekewa masharti mazito ya usafirishaji. Hupenya kwenye ngozi na kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni. Mwaka 1895 daktari Ludwig Rehn wa Frankfurt alitoa taarifa ya saratani ya kibofu miongoni mwa wafanyakazi wa kiwanda cha rangi zitokanazo na anilini. Baadaye ilionekana kuwa kemikali nyingine za viwanda hivyo, hasa benzidini na naftilamini, ndizo zilizokuwa hatari zaidi.

Ajali kubwa ya karibuni ilitokea Novemba 13, 2005 katika mji wa Jilin, China. Mlipuko ulitokea katika kiwanda cha anilini, kwenye kitengo cha kutengeneza nitrobenzini. Watu 8 walikufa, na kiasi cha tani 100 za kemikali zikaingia Mto Songhua. Jiji la Harbin, lenye mamilioni ya watu, lilifunga maji ya bomba kwa siku nne. Mnunuzi anayeshangaa kwa nini bei ya bidhaa kama hii inajumuisha gharama kubwa za usalama na bima, jibu lake ni hilo.

Hispania ilipata somo la aina nyingine mwaka 1981. Nchi hiyo ilitaka kulinda soko la mafuta ya zeituni, kwa hiyo mafuta ya mbegu za repu yaliyoingizwa kwa ajili ya viwanda yalitiwa asilimia 2 ya anilini ili yasiliwe. Wafanyabiashara wakaona faida. Waliyasafisha upya ili kuondoa anilini, wakayauza mitaani kwa bei rahisi kama mafuta ya kula. Watu wapatao 20,000 waliugua na zaidi ya 300 walikufa. Ugonjwa ulihusishwa na viambata vilivyozaliwa anilini ilipokutana na mafuta. Mwaka 1989 mahakama iliwatia hatiani baadhi ya waliohusika. Mama aliyenunua mafuta hayo kwa bei nafuu hakuwa na njia ya kujua yametoka wapi.

Soko linaelekea wapi?

Kitovu cha biashara hii kimehamia China, ambako kampuni ya Wanhua ya mjini Yantai ndiyo inayoongoza duniani kwa kutengeneza MDI. Wengine wakubwa ni BASF na Covestro za Ujerumani, pamoja na Huntsman na Dow za Marekani. Oktoba 2024 kampuni ya mafuta ya Abu Dhabi, ADNOC, ilitangaza makubaliano ya kuinunua Covestro. Hatua hiyo inaeleweka kwa mtu aliyefuata hesabu ya benzini hapo juu: mwenye mafuta anashuka ngazi kulifuata povu, ili faida ya kila hatua ibaki nyumbani kwake.

Wakati huo huo, Covestro ilizindua mwaka 2024 mtambo wa majaribio mjini Leverkusen unaotengeneza anilini kutokana na sukari ya mimea, kwa kutumia vijidudu vya kuchachusha badala ya benzini. Ni mtambo mdogo, na hauwezi kutikisa bei ya soko kwa sasa. Lakini nili ya kiwandani nayo ilikuwa kazi ya maabara tu kwa miaka 17 kabla ya kufika sokoni mwaka 1897.

Kwa mwagizaji wa hapa nchini, yapo mambo matatu anayoweza kuyafanya bila kuwa mkemia. La kwanza ni kufuatilia bei ya benzini ya kila mwezi pamoja na ile ya mafuta ghafi, kwa sababu mabadiliko yake hutangulia ankara. La pili ni kumuuliza muuzaji bei aliyoitaja inadumu siku ngapi, na imefungwa kwenye kitu gani. Muuzaji anayenunua kwa kanuni ya benzini hana sababu ya kuficha. La tatu ni kutojaza ghala kwa hofu wakati bei iko juu, kwa kuwa zao la pembeni hupanda kwa kishindo na kushuka kwa kishindo.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Mtambo wa Leverkusen ukikua na kuzaa mingine, mwagizaji huyo atalazimika kufuatilia pia bei ya sukari. Na safari hii mwenye shamba atakuwa upande wa kiwanda, mradi awe amesoma hesabu mapema kuliko walivyofanya wenye mashamba wa Bihar.